Mlinda Lango Hahesabiwi kwa Siku Moja



Siku moja ya Mungu, alasiri, vijana wa parokia yetu hapa Kindu walicheza mpira na vijana wa Alunguli, waliovuka mto Lualaba kwa mitumbwi. Mchezo ulikuwa sawasawa, 1 kwa 1, mpaka dakika za mwisho. Ndipo mpira mmoja usio na nguvu, ambao hata mtoto wa darasa la kwanza angeuokota, ukapita katikati ya mikono ya mlinda lango wetu, ukaingia taratibu. Tukashindwa.

Watu waliokuwa wakimshangilia tangu mwanzo, kwa mipira mitano au sita aliyoiokoa, wakamgeukia mara moja. Mmoja akamwuliza kama amelipwa fedha na watu wa ng'ambo. Mwingine akasema mikono yake imepakwa mawese. Kijana hakujibu neno. Akachukua viatu vyake, akaenda zake. Majuma matatu hakuonekana tena, wala uwanjani, wala katika mafundisho ya kipaimara.

Tulikwenda kumtafuta kwa wazazi wake. Hatukuwa na dawa ya kumpa. Tulikuwa na habari tu, habari za kweli, za walinda lango wawili wa nchi yetu waliosimama katika lango la timu moja ya Lubumbashi, kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja alipata sifa kubwa, kisha akaaibishwa mbele ya dunia nzima. Mwingine alidumu katika kazi yake mpaka karibu miaka 40, akafika mahali ambapo hakuna Mwafrika aliyekuwa amefika na timu yake. Habari zile zile tulizomsimulia kijana yule, tunapenda kuwaandikia ninyi leo.

KAZI YA MTU WA MWISHO

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Lango la mpira lina upana wa metro 7 na sentimetro 32, na urefu wa kwenda juu wa metro 2 na sentimetro 44. Katika nafasi hiyo anasimama mtu mmoja. Penalti inapigwa kutoka metro 11 tu. Mpira ukipigwa kwa nguvu, mlinda lango hana muda wa kufikiri: lazima achague upande wake kabla au wakati ule ule mguu unapogusa mpira.

Mshambuliaji akikosa mara tisa na kufunga mara moja, watu wanambeba mabegani. Mlinda lango akiokoa mara tisa na kukosa mara moja, watu wanauliza amekula nini. Ndiyo sababu katika viwanja vya watoto, hapa Kindu na mahali pengi pengine, hakuna anayetaka kukaa langoni. Wanamweka mdogo wao, au mgeni, au yule asiyeweza kukimbia. Kumbe ndiye anayebeba mzigo mzito kuliko wote.

TIMU ILIYOZALIWA MISIONI

Timu tunayosema habari zake ni T.P. Mazembe. Wengi wanaipenda, lakini si wote wanaojua ilikotoka. Mwaka 1939, mapadri Wabenedikto wa Élisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi, walikuwa wakiongoza shule ya Mtakatifu Bonifasi. Waliona kwamba wanafunzi wengine hawakuwa na wito wa upadri, nao walihitaji kazi ya kuwachangamsha mwili na roho. Basi wakaanzisha timu ya mpira, wakaiita kwa jina la Mtakatifu Jorji, msimamizi wa maskauti. Baada ya miaka michache ikaitwa Mtakatifu Paulo. Baadaye ikaacha kuwa mikononi mwa mapadri, ikachukua jina la Englebert, kampuni iliyokuwa ikitengeneza mipira ya magari.

Mwaka 1966 timu hii ilishinda ubingwa wa Kongo pamoja na makombe mengine, bila kushindwa katika ubingwa ule. Ndipo watu wakaongeza mbele ya jina lake maneno ya Kifaransa yenye maana ya "mwenye nguvu zote". Sisi wakristu twajua ni nani peke yake mwenye nguvu zote, lakini tuwasamehe: furaha ilikuwa nyingi. Halafu, katika miaka ya 1970, majina ya kigeni yalipobadilishwa nchini, Englebert ikaitwa Mazembe.

KAZADI, MLINDA LANGO WA KWANZA

Katika lango la Englebert ya miaka ile alisimama kijana aliyeitwa Kazadi Mwamba. Timu yake ilifika fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika mara nne mfululizo: 1967, 1968, 1969 na 1970. Mara mbili za kwanza ilishinda, mara mbili za mwisho ilishindwa.

Fainali ya 1967 ilikuwa na Asante Kotoko ya Kumasi, katika nchi ya Ghana. Kule Kumasi walifungana 1 kwa 1, na Kinshasa 2 kwa 2. Siku zile sheria ya kumaliza mchezo kwa kupiga penalti ilikuwa bado, maana iliingia mwaka 1970. Hivyo ukapangwa mchezo wa tatu huko Yaoundé. Watu wa Kongo wakafika, Kotoko hawakufika, na kombe likaja kwetu. Mwaka uliofuata, Englebert iliipiga Étoile Filante ya Lomé 5 kwa 0, kisha kule Lomé ikafungwa 4 kwa 1. Mlinda lango anaweza kuokota mpira wavuni mara nne katika mchezo mmoja, na bado kurudi nyumbani na kombe. Kwa ushindi ule, Englebert ilikuwa timu ya kwanza kulitetea kombe hilo na kubaki nalo.

Katika kombe la 1970 mambo yaligeuka. Kotoko walirudi, wakatoka sare kwao, halafu wakashinda 2 kwa 1 hapa hapa Kinshasa. Wazee wa Ghana husimulia mpaka leo jinsi mlinda lango wao, Robert Mensah, alivyomtisha mpigaji wa penalti wa Englebert katika dakika za mwisho, na mpira ukapaa juu ya lango. Mensah aliuawa mwaka 1971, kwa kuchomwa na chupa katika ugomvi. Hivi ndivyo sifa za dunia zilivyo: jana umebebwa juu, leo unalala kaburini.

Katika timu ya taifa pia Kazadi alivuna. Mwezi wa Januari 1968, kule Addis Ababa, Kongo iliifunga Ghana 1 kwa 0, ikashika kombe la mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Mwaka 1974, huko Misri, nchi yetu, iliyokuwa ikiitwa Zaire, ilitoka sare 2 kwa 2 na Zambia katika fainali. Mchezo ukarudiwa, Zaire ikashinda 2 kwa 0. Magoli yote manne ya fainali hizo mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga magoli 9, na hesabu hiyo haijavunjwa na mtu katika kombe moja la mataifa.

Basi fikirini: mabingwa wa Afrika mara mbili, na lango likilindwa na mwana wa Katanga. Hakuna aliyefikiri kwamba baada ya miezi mitatu watu watamcheka.

SIKU YA GELSENKIRCHEN

Mwezi wa Juni 1974 Zaire ilikwenda Ujerumani kwa kombe la dunia, nchi ya kwanza ya watu weusi wa Afrika kufika huko. Tarehe 14 ilicheza na Scotland, ikafungwa 2 kwa 0. Haikuwa aibu. Lakini nyuma ya pazia mambo yalikuwa yameharibika. Wachezaji wameeleza baadaye kwamba fedha walizoahidiwa hawakuziona, na kwamba walifikiri kukataa kuingia uwanjani.

Tarehe 18 wakaingia, huko Gelsenkirchen, kucheza na Yugoslavia. Roho zao hazikuwa pale. Katika dakika 20 za kwanza walikwisha fungwa mara 3. Hapo mwalimu wao, Blagoje Vidinić, akamtoa Kazadi na kumwingiza Dimbi Tubilandu. Vidinić mwenyewe alikuwa Myugoslavia, na, jambo la ajabu, mwenyewe alikuwa mlinda lango katika ujana wake: aliipatia nchi yake medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya 1960. Alijua vema kuliko wengi uchungu wa kutolewa langoni mbele ya watu.

Kumtoa Kazadi hakukusaidia kitu. Tubilandu aliingia, na mpira wa kwanza ukaingia wavuni. Kisha mwamuzi akamfukuza Ndaye Mulamba kwa kosa lililotendwa na mwenzake, Mwepu Ilunga. Wakabaki watu 10. Ilipolia filimbi ya mwisho, hesabu ilikuwa 9 kwa 0. Magazeti ya dunia yakacheka. Watu wengine wa nyumbani wakanong'ona kwamba mwalimu amewauza kwa ndugu zake.

Tuliyataja haya kwa kijana wetu, tukamwuliza: "Wewe ungefanya nini kesho yake?" Akainamisha kichwa, akasema: "Ningerudi nyumbani."

Kazadi hakurudi nyumbani. Siku nne baadaye, tarehe 22, alisimama tena katika lango lile lile la Gelsenkirchen, na mbele yake Brazil, mabingwa wa dunia. Brazil walihitaji magoli 3 ili waendelee. Wakapata 3, na la tatu lilimponyoka Kazadi karibu na mlingoti wake. Watu wanakumbuka goli hilo. Wanakumbuka pia Mwepu Ilunga alivyotoka mbio katika ukuta wa wenzake na kuupiga mpira uliokuwa wa Brazil. Dunia imecheka kitendo hicho kwa miaka 50. Wachache wanakumbuka kwamba mlinda lango aliyeaibishwa Jumanne alikubali kusimama tena Jumamosi. Sisi twaona kwamba kusimama kule kulihitaji moyo kuliko kushika kombe la Afrika.

Mwepu alifariki mwaka 2015, na Ndaye mwaka 2019. Tuwaombee pumziko la milele. Na tunapowataja, tusiwahesabie siku moja ya Juni kana kwamba ndiyo maisha yao yote.

MTOTO WA LIKASI

Tarehe 1 Februari 1976, mwaka wa pili tangu aibu ile, alizaliwa huko Likasi, mji wa shaba, mtoto aliyeitwa Robert Muteba Kidiaba. Alikua katika miaka ambayo mpira wa nchi yetu ulikuwa umelala. Mazembe ilishinda kombe moja la Afrika mwaka 1980, lile la washindi wa makombe. Baada ya hapo Afrika haikusikia tena habari zake kwa muda mrefu. Zilikuja shida za fedha, kisha vita. Sisi wa Maniema twajua vita vilifanya nini: reli iliyotuunganisha na Katanga ilinyamaza, na mtu hakuweza kwenda hata kuzika jamaa yake Kongolo.

Kidiaba aliingia Mazembe mwaka 2002, akiwa na miaka 26. Angalieni umri huo. Wachezaji wengi katika umri ule wamekwisha kujulikana. Yeye alikuwa anaanza. Na kazi ya mlinda lango ilikuwa imebadilika tangu siku za Kazadi. Mwaka 1992 sheria ilikataza mlinda lango kushika kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Zamani aliudaka, akapumzika, akapoteza dakika. Sasa lazima awe na miguu pia. Kidiaba alijifunza hayo, akapenda kutoka langoni mwake na kwenda mbali kuukuta mpira. Mara nyingine aliwatia watu hofu. Mara nyingi aliokoa.

Tena alikuwa na desturi yake. Timu yake ikifunga goli, yeye aliye mbali upande wa pili, peke yake, hana wa kumkumbatia. Basi alikaa chini, akanyoosha miguu mbele, akaanza kurukaruka kwa makalio kama chura kwenye nyasi, huku nywele zake zilizosukwa zikitikisika. Wengine walisema ni mchezo wa kitoto. Sisi tulipoona mara ya kwanza tulicheka mpaka machozi. Lakini tulipofikiri zaidi tulielewa: ni furaha ya mtu anayefurahia goli ambalo si lake. Si rahisi kumpata mtu wa namna hiyo katika mpira, wala katika parokia.

Mwaka 2009 mvua ilinyesha baada ya kiangazi. Mwezi wa Machi, huko Abidjan, Kongo iliifunga Ghana 2 kwa 0 katika fainali ya kombe la wachezaji wanaocheza ndani ya nchi zao, na langoni alikuwa Kidiaba. Ilikuwa mara ya kwanza kombe hilo kuchezwa. Mwaka ule ule Mazembe ikafika fainali ya mabingwa wa Afrika na Heartland ya Nigeria. Ikafungwa ugenini 2 kwa 1, ikashinda Lubumbashi 1 kwa 0, na goli la ugenini likaipa kombe. Miaka 41 ilikuwa imepita tangu lile la 1968. Wazee waliomwona Kazadi walilia.

Lakini walipokwenda Abu Dhabi mwezi wa Desemba kwa kombe la dunia la timu, walishindwa michezo yote miwili: 2 kwa 1 na Pohang ya Korea, na 3 kwa 2 na Auckland ya New Zealand. Watu wakaanza tena kusema maneno ya 1974: Mkongo ni simba kwake, ugenini ni mbuzi.

ABU DHABI, MWAKA WA PILI

Mwaka 2010 Mazembe ilishinda tena kombe la Afrika. Katika mchezo wa kwanza wa fainali iliipiga Espérance ya Tunis 5 kwa 0, katika wa pili ikatoka sare 1 kwa 1. Hivyo ikarudi Abu Dhabi, mahali pale pale pa aibu ya mwaka uliotangulia. Kidiaba alikuwa na miaka 34.

Tarehe 10 Desemba walikutana na Pachuca ya Mexico. Bedi Mbenza akafunga goli moja mapema, na mlango ukafungwa mpaka mwisho: 1 kwa 0. Tarehe 14 wakakutana na Internacional ya Porto Alegre, mabingwa wa Amerika ya Kusini. Wabrazil walishambulia, Kidiaba akaokoa. Wakashambulia, akaokoa tena. Kipindi cha pili Kabangu akafunga, na karibu na mwisho Kaluyituka akafunga la pili. Kidiaba akakaa chini, akarukaruka kwa makalio yake, na safari hii dunia nzima ilikuwa ikitazama.

Ndugu wasomaji, mpaka siku ile fainali ya kombe hilo ilikuwa mali ya Ulaya na Amerika ya Kusini tu. Hakuna timu ya sehemu nyingine ya dunia iliyokuwa imeifikia. Ya kwanza kuifikia ikawa ile iliyoanzishwa na mapadri kwa watoto wa shule, mwaka 1939.

Tarehe 18 wakacheza na Inter ya Milan, mabingwa wa Ulaya. Pandev akafunga katika dakika ya 13, Eto'o, Mwafrika mwenzetu wa Kamerun, katika dakika ya 17, na Biabiany karibu na mwisho. Walifungwa 3 kwa 0. Ni hesabu ile ile Kazadi aliyofungwa na Brazil. Lakini safari hii hakuna aliyecheka. Waliporudi Lubumbashi walipokewa kama washindi.

Twaulizana: tofauti ni nini kati ya 3 kwa 0 ya 1974 na 3 kwa 0 ya 2010? Goli ni lile lile, uchungu wa kuokota mpira wavuni ni ule ule. Tofauti iko katika yaliyotangulia. Wale wa 2010 waliandaliwa, walilipwa, walisafiri kwa utulivu. Wale wa 1974 waliachwa kama yatima, kisha wakatukanwa kwa sababu waliteseka kama yatima. Mara nyingi tunamlaumu mtu wa mwisho mbele ya lango, nasi hatuulizi nani aliuacha mlango wazi huko nyuma.

MATUNDA YA UZEENI

Mlinda lango wa miaka 34 aliyefika juu namna ile angeweza kupumzika. Kidiaba aliendelea. Mwezi wa Januari 2013, kule Afrika ya Kusini, Kongo ilirudi katika kombe la mataifa. Ghana wakaongoza 2 kwa 0. Kongo ikasawazisha, 2 kwa 2, na Kidiaba akarukaruka tena mbele ya watu ambao hawakuwahi kumwona, wakamshangaa. Kongo haikupita kundi lake, walakini haikufungwa mchezo hata mmoja: ilitoka sare mara tatu.

Mwaka 2015 kombe lilikuwa Guinea ya Ikweta. Tarehe 31 Januari, siku ya mwisho kabla ya kutimiza miaka 39, Kidiaba alikuwa langoni mbele ya ndugu zetu wa Brazzaville. Kongo ilifungwa mawili, ikaonekana imekwisha, kisha ikafunga manne. Ivory Coast wakaisimamisha katika nusu fainali, 3 kwa 1. Tarehe 7 Februari, katika mchezo wa kutafuta nafasi ya tatu, Kongo na wenyeji walimaliza bila goli. Wakapiga penalti, Kongo ikashinda 4 kwa 2. Kesho yake, katika fainali, Ivory Coast waliishinda Ghana kwa penalti 9 kwa 8. Mtu aliyeokoa ya mwisho ya Ghana, kisha akaipiga mwenyewe ile ya ushindi, ni mlinda lango wao, Boubacar Barry, ambaye watu wa nchi yake walikuwa wamemcheka miaka mingi. Mashindano yale yalikuwa kama sikukuu ya wanyonge wa langoni.

Baada ya hapo Kidiaba akaiaga timu ya taifa, lakini kazi haikuisha. Mwaka 2015 huo huo Mazembe ilicheza fainali ya mabingwa wa Afrika na USM ya Alger. Ikashinda ugenini 2 kwa 1, na Lubumbashi 2 kwa 0. Kombe la tatu kwa Kidiaba, la tano kwa timu. Mshambuliaji aliyeng'ara alikuwa Mbwana Samatta wa Tanzania, kijana wa Dar es Salaam. Hakuhitaji mkalimani huko Lubumbashi, maana Kiswahili kilimpokea kama nyumbani.

Januari 2016 Afrika ikachagua mchezaji bora wa mwaka 2015 kati ya wale wanaocheza katika bara letu. Wa kwanza akawa Samatta, aliyekuwa na miaka 23. Wa pili akawa Robert Kidiaba, aliyekuwa akikaribia miaka 40. Kijana anayefunga na mzee anayezuia, wa timu moja, wakasimama pamoja juu ya Afrika yote.

Muda mfupi baadaye akaacha kucheza. Katika uchaguzi wa Desemba 2018 watu wa Haut-Katanga walimchagua kuwa mbunge wa jimbo lao. Kazi hiyo nayo ni ya langoni: ukifanya vema watu wananyamaza, ukikosea wanapiga kelele.

NENO LA MWISHO

Sisi wa Kindu pia tumeonja utamu wa mpira mkubwa. Mwaka 2024 timu yetu, A.S. Maniema Union, ilifika hatua ya makundi ya mabingwa wa Afrika, ikapambana na timu kubwa za Afrika ya Kusini na Moroko. Hapana shaka watoto wetu watafika mbali zaidi. Lakini hawatafika kama tunawavunja wakiwa bado wadogo. Timu isiyomvumilia mlinda lango wake haitampata Kidiaba kamwe, kwa sababu Kidiaba atakuwa amekwisha kukimbilia nyumbani akiwa na miaka 15.

Wahenga walisema: kuteleza si kuanguka. Kazadi aliteleza mbele ya dunia nzima, akasimama tena siku nne baadaye. Mazembe iliteleza Abu Dhabi, ikarudi pale pale mwaka uliofuata. Kama tungewahesabia siku moja tu, tungewakosa wote.

Tulipomaliza kumsimulia kijana wetu habari hizi, alikaa kimya kitambo. Mama yake alikuwa mlangoni akitwanga sombe, naye alikuwa amesikiliza yote. Ndipo kijana akauliza swali moja tu: "Yule Kazadi, siku ya Brazil, ni nani aliyemwambia arudi langoni?"

Tukamjibu kwamba mwalimu aliyemtoa ndiye aliyemrudisha.

Siku ya Mungu iliyofuata alifika uwanjani, akasimama pembeni na viatu mkononi. Tukamwendea mwenye kuongoza timu, tukamwambia neno sikioni. Akafikiri kidogo, kisha akamwita kijana na kumwonyesha lango kwa kidole. Dakika ya kumi akafungwa goli. Watu wakaguna. Akauchukua mpira wavuni, akaupiga mbele kwa nguvu, akarudi katikati ya milingoti yake akangoja mwingine.